Siku moja na Prado, Arusha hadi Natron

Saa kumi na moja alfajiri niko chini ya gari na tochi ya simu. Watu wakituona barabarani wanasema dereva wa Prado anakula kiyoyozi na posho. Saa hizi nimeshapima oili, maji na upepo, na nakaza nati za matairi moja moja. Gari ni la tajiri, lakini likilala porini nalala nalo mimi.

Saa moja kasoro nawachukua wateja, mtu na mkewe kutoka Dar. Makuyuni, Mto wa Mbu, lami tupu. Hakuna la kusimulia zaidi ya tochi za trafiki na 50 za vijijini. Prado hili ni la 2008, dizeli ya lita 3.0. Ukikanyaga breki linainamisha pua, na kwenye kona linalala kama mtu mzima anayegeuka kitandani. Wenye mkonga, zile Land Cruiser ngumu za porini, wanatucheka kwamba ni gari la mjini. Sawa, ila mkonga ungewarusha wageni wangu mpaka darini.

Mto wa Mbu tunakata kulia kuelekea Engaruka. Vumbi linaanza, na mteja naye anaanza.

"Kaka, mbona unaenda kama umebeba mayai? Hili si fowili?"

Nikamweleza kwamba Prado linavuta kwa matairi yote manne muda wote, hata kwenye lami. Kinachobaki ni kufunga difu ya katikati, ili mbele na nyuma zizunguke sawa, na kuingiza gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu, na hivyo viwili havisaidii kitu mchangani kama tairi limejaa upepo wa lami. Nikasema mbele nitasimama nipunguze. Akamgeukia mkewe: "Dereva wetu anaogopa mchanga."

Kila korongo huwa nashuka, nalivuka kwanza kwa miguu. Leo nilikuwa na mtu mgongoni anayenisomea ratiba, nikaona alama za gari lililopita asubuhi, nikasema potelea mbali. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu. Katikati, chini ya mchanga mkavu kulikuwa na tope. Pua ikazama, nikakanyaga mafuta kidogo zaidi ya inavyofaa, na hicho kidogo ndicho kilichochimba shimo. Tukakaa mpaka kwenye ngazi za pembeni.

Saa sita hivi. Baada ya hapo sikuangalia saa tena.

Mlango wa nyuma wa Prado unafunguka kwa ubavu na umebeba tairi la akiba. Gari likiinama, unarudi wenyewe na kukupiga ugoko. Nimepigwa mara mbili. Jeki ikazama yenyewe badala ya kuinua gari. Ubao wa kuiwekea ulikuwa chini ya mabegi sita, ya safari ya siku mbili! Nikachimba kwa beleshi, nikashusha upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 18. Vijana wawili wa Kimasai wakaacha mbuzi wao, wakaleta matawi ya mgunga. Nikawaambia jamani, hayo yana miiba, tupeni mawe. Dada akavua viatu, akabeba mawe pamoja nao. Kaka alikuwa juu ya kingo, anatafuta mtandao.

Kwenda mbele nisingethubutu. Nikafunga difu, gia nzito, nikaachia klachi taratibu, nikarudi kinyumenyume kwenye alama zangu mwenyewe. Gari likatetemeka, likakohoa moshi, likapanda. Safari hii nilishuka, nikatembea hatua kama 30 pembeni, nikapata mahali pagumu. Tulivuka kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kufunga mkanda.

Halafu ngoma ya kujaza upepo, kwa kipampu cha umeme, robo saa kila tairi. Kaka alishasinzia.

Jua likizama tuko Ngare Sero, kijiji cha karibu na Ziwa Natron, na volkano ya Ol Doinyo Lengai iko mbele yetu kimya kama si yenyewe iliyotema majivu 2007. Kaka akaniomba nimpige picha amekaa juu ya boneti, tope lionekane.

Tajiri akapiga simu. "Gari zima?"

"Zima, tajiri."

Akakata. Nikarudi chini ya gari na tochi yangu, natoa mchanga kwenye breki kwa kidole. Kaka kapita, kaniambia kesho tusiharakishe sana, tuondoke hata saa nne. Korongo ni lilelile.