Mama wa daladala na "stand up for"

Miaka yote nilidhani "stand up for" ni kusimama tu, kama tulivyosimama mwalimu akiingia darasani. Juzi kwenye daladala ya Mbagala konda alimzuia mwanafunzi asipande, eti wanafunzi wameshatosha. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akamwambia, "Mwanangu, mwache apande. Kwani halipi nauli?" Mtoto akapanda. Hapo ndipo ikaniingia: "She stood up for him." Alimtetea. Na wala hakunyanyuka kwenye kiti!

Ila kuweni makini na kale kaneno ka mwisho. "Stand up to" ni kumkabili mtu. Kwa hiyo mtoto alitetewa kwa "for", konda akakabiliwa kwa "to". Mama yule, Mungu ambariki, nilitamani nimshike mkono.