Kunguni wa Kishona Nguo

Nimerudi jioni hii kutoka shambani Chamwino, na soksi zangu bado zimejaa mbegu za kishona nguo ninazozing'oa moja moja kabla ya kuandika.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, niliinama kwenye mpaka wa shamba la alizeti nikamwona mdudu wa kijani kilichofifia, mwenye urefu wa kama milimita 5, amezamisha mdomo wake katika ua la kishona nguo. Nilimsogezea lenzi. Mabawa yake yalilala mgongoni, lakini karibu na ncha yaliinama ghafla kama paa lililovunjika kenchi. Umbo hilo ni la jamii ya Miridae, yaani kunguni wa mimea, yenye spishi zaidi ya 11,000, naye alifanana sana na Taylorilygus apicalis, aliyeelezwa na mtaalamu wa wadudu Fieber mwaka 1861, ambaye ameenea katika nchi nyingi za joto na hupenda mimea ya jamii ya alizeti.

"Unatafuta nini hapo, mwanangu?" aliuliza mama mkwe.

"Kunguni, mama."

Alicheka, akasema kunguni hukaa kitandani. Kumbe hao wawili ni wa ukoo wa karibu, na wote wana mdomo wa kuchoma na kufyonza, ila huyu wa shambani hutia mate yanayolainisha nyama ya mmea kabla ya kuinyonya, na jike lake huficha mayai ndani ya mmea wenyewe.

Mwaka jana, mwezi Machi, niliwalipa vibarua wang'oe kishona nguo chote kwa siku moja, wakati alizeti zinaanza kufungua vichwa, nikajiona mkulima hodari. Hazikupita siku nne, wadudu hao walikuwa juu ya alizeti. Sikuwa nimefikiri kwamba kichwa cha alizeti, tunachokiita ua moja, ni mamia ya maua madogo yaliyobanana, sawasawa na kile kitufe cha njano cha kishona nguo. Kwa mdudu aliyenyang'anywa chakula, ilikuwa ni kuhamia nyumba kubwa zaidi ya ukoo uleule. Wakati wa kupepeta nilipata mapepe mengi, ingawa siwezi kuapa kwamba yote yalikuwa kazi yao, kwa kuwa mvua nayo ilikatika mapema.

Safari hii mpaka huo nimeuacha na magugu yake hadi alizeti zikauke. Mchunga, ambao nao ni wa jamii ya alizeti, mama mkwe anauchuma kila jioni kwa mboga, na leo amekung'uta kunguni wawili kutoka kwenye ungo bila kuniuliza majina yao.