Bomani na siasa ya mizani

Leo nimeshinda nikimuwaza Paul Bomani, mwanasiasa wa zama za kudai uhuru. Kilichonichokoza ni vijana wa bodaboda waliokuwa wanabishana kuhusu mbunge bora, na kila aliyetajwa alisifiwa kwa jambo lilelile: anajua kuongea, anawachana. Bomani kwenye ligi hiyo asingepangwa hata benchi.

Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, ila siasa zake alizifanyia huku Mwanza, na zilianzia kwenye pamba. Jirani yetu mmoja hapa Nyakato, mzee ambaye kwao ni Kwimba, alikuwa anamsindikiza baba yake kuuza pamba enzi za ukoloni. Gunia linaning'inizwa kwenye mizani, karani wa mnunuzi anasogea kama anayesoma namba, kumbe goti lake liko chini ya gunia, analinyanyua taratibu. Mkulima haoni, au anaona na hana la kufanya. "Kilo nyingine zilikuwa zinabaki kwenye goti la mtu, mwanangu." Huwa anacheka akisimulia, lakini naona bado inamuuma.

Sasa, mwenye hasira angechoma ghala. Bomani na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliwakusanya wakulima kwenye vyama vya ushirika, wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu afike kwa mnunuzi akiwa tayari anajua uzito wa mzigo wake. Ukimwambia karani "kilo zangu ni hizi", goti halina kazi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa vikawa VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), na kufikia uhuru pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa mikononi mwa ushirika. Kwangu mimi hiyo ni siasa kubwa kuliko hotuba nyingi, ingawa haina cha kupigiwa vigelegele.

Miaka hiyohiyo aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuteuliwa na serikali ya mkoloni, wakati TANU yenyewe, chama kilichokuwa kinapigania uhuru, imezuiwa kufanya kazi huku kwetu hadi 1958. Mwanza hiyohiyo ilikuwa na kina Bhoke Munanka wa TANU, watu wa moto. Bomani alikuwa wa maji ya uvuguvugu, na sisemi hivyo kwa kumkejeli. Mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanganyika.

Halafu ikaja 1965. Uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, TANU inasimamisha wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, mpiga kura achague. Waziri wa Fedha mzima akaangushwa nyumbani kwake, kwenye nchi ya pamba. Ushirika nao ulikuwa umeshanenepa, una makarani wake, makato yake, na manung'uniko yake. Nilimuuliza mzee wa Kwimba alimpigia nani. Akanijibu kwamba hilo halikuwa jimbo lake, kisha akakaa kimya kwa namna iliyonifanya nibadilishe mazungumzo.

Mwalimu Nyerere akamrudisha bungeni kwa kumteua, akampa uwaziri tena. Hapa ndipo mapenzi yangu kwake yanapoyumba. Wananchi wamesema hapana, mtu anaingia kwa mlango wa pili! Najua nchi changa haikuwa na wataalamu wa kuchezea, na kichwa kinachojua hesabu hakitupwi. Hata hivyo nimeitazama safari yake yote: mkoloni alimteua, Mwalimu akamteua, mwaka 1972 akatumwa Washington kuwa balozi, akakaa huko hadi 1983. Mtu wa kiasi huwa anapendwa na walio juu, kwa sababu hawasumbui. Ila huyu msingi wake ulikuwa chini kabisa, kwenye magunia ya wakulima wa pamba, na ni nchi hiyohiyo ya pamba iliyomkataa.

Alifariki mwaka 2005. Ningemkuta hai nisingemuuliza habari za bajeti wala Washington. Ningetaka anisimulie usiku ule wa matokeo, na kama kesho yake alipita kwenye ofisi za ushirika.