Mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili

Ujumbe uliingia kwenye simu tukiwa mezani na chai ya asubuhi, Dodoma. "Pasta, usiogope njia. Ukifika ku mupaka tutakukamata." Mke wangu aliusoma mara mbili, akaweka kikombe chini. "Baba Eliya, watu wanasema watakukamata, na wewe unapiga pasi mashati?"

Nilicheka, lakini si sana. Ilikuwa Julai 2019. Nilikuwa nimefundisha chuo cha Biblia miaka tisa bila kuvuka mpaka wowote kwa kazi ya Injili, na habari zilizokuwa zikitoka Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, miezi ile hazikuwa za kumtia mtu hamu ya safari. Nikampigia aliyeniandikia. Kumbe kwao kukamata ni kuchukua tu, au kupokea. Unakamata kitabu, unakamata chai, unakamata mgeni mpakani. Ningekuwa na akili ningejifunza hapo hapo.

Nikiri jambo moja. Mimi ni mtu wa Muheza, na sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa wa kudhani Kiswahili ni mali yetu, wengine wote tumewaazima. Nilipoambiwa wachungaji na wainjilisti 43 kutoka Uvira, Fizi na vijiji vya milimani wanataka semina ya siku nne, kilichonifurahisha kwanza ni kwamba sitahitaji mkalimani. Wageni wa Ulaya na Marekani waliokuja chuoni kwetu nimewaona wakihangaika na wakalimani, mzaha unafika kwa wasikilizaji dakika mbili baadaye ukiwa umeshakufa. Mimi ningefungua kinywa tu.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Treni ya reli ya kati hadi Kigoma, gari hadi Manyovu, kisha Burundi: Nyanza-Lac, Rumonge, Bujumbura, ziwa likiwa kushoto karibu njia nzima. Migebuka niliyokula Kigoma niliikuta Bujumbura inaitwa mukeke, samaki yule yule wa ziwa lile lile, na hilo nalo halikunifundisha kitu. Tukavuka daraja la Rusizi, tukapita Gatumba, tukafika mpakani. Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini wakati huo, kwa hiyo kila mtu alinawa maji ya klorini, akaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, akaulizwa kadi ya njano ya chanjo. Upande wa pili vijana wawili wenye suti walikuwa wamesimama kwenye jua kali, mmoja ameshika kipande cha boksi chenye jina langu. Wakanikamata.

Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa, kana kwamba mtu aliimwaga pale ikakosa pa kusambaa. Kanisa lilikuwa la bati, sakafu ya udongo, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Baadhi ya wachungaji walikuwa wametembea siku mbili na zaidi kushuka kutoka milimani. Nilitambua waliotoka mbali kwa suruali: juu zimepigwa pasi hadi mstari unasimama, chini vumbi jekundu limepanda hadi katikati ya goti na kifundo.

Siku ya kwanza nilifundisha saa tano. Nilikuwa na madaftari, nilikuwa na vichwa vya somo, nilikuwa na sauti. Wao walitikisa vichwa, wakasema amina mahali pa amina. Nikajiona nimefika.

Baada ya bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, mzee mmoja akaja kukaa karibu nami. Biblia yake aliifunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, maana jalada lilikuwa limeshaachana na kurasa.

"Pasta," akasema, "Kiswahili yako ni muzuri sana. Ni kama ya redio."

Nikamshukuru. Akaendelea kunitazama kwa upole.

"Lakini redio, nani anaiulizaka swali?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa saa tano hakuna mtu aliyeuliza kitu. Mzee akasema kesho atanisaidia kutafsiri. Nikamuuliza kutoka lugha gani. "Kiswahili." Kwenda lugha gani? "Kiswahili." Hakucheka, na mimi nikaona aibu kucheka peke yangu.

Basi kesho yake nikasimama mbele ya watu wanaozungumza lugha yangu, nikiwa na mkalimani. Ilikuwa hivi: mimi nasema "saburi huzaa uthabiti wa moyo," mzee anaanza kueleza muhogo unavyolowekwa, siku ya kwanza mgumu, siku ya pili bado mgumu, ukiwa na haraka ukautoa mapema unga wake haufai. Dakika tatu nzima. Halafu mimi nazungumza dakika tano kuhusu nidhamu ya fedha za kanisa, yeye anageuka na kusema, "Pasta anasema tusiibe." Wakaangua kicheko, kisha mikono ikaanza kunyanyuka. Maswali ya siku ile yalinitoa jasho. Mchungaji afanye nini kama mtu mwenye bunduki anaketi benchi la mbele kila Jumapili na kutoa sadaka kubwa? Hilo halikuwa kwenye daftari langu, wala sikumbuki kama nilichojibu kilikuwa na maana.

Siku ya tatu tukafika 2 Wakorintho 12, mwiba wa Paulo. Nilikuwa nimeandaa kurasa nne: wengine husema ulikuwa ugonjwa wa macho, wengine malaria, wengine wapinzani wake. Nikasoma kwa sauti, "Neema yangu yakutosha." Nikaona nyuso zimekunjamana, hasa za vijana. Kijana mmoja wa Fizi akanyoosha mkono.

"Pasta, ni neema ya kutosha nini?"

"Ya kutosha kila kitu!" nikajibu kwa nguvu zote.

Mtu mmoja nyuma akasema "Ee!" kama aliyeibiwa. Mzee akanigusa mkono, akaninong'oneza kwamba kwao kutosha ni kutoa, kuondoa. Unatosha viatu mlangoni, unatosha pesa mfukoni. Nilikuwa nimewatangazia watu waliokwisha kunyang'anywa vingi kwamba neema ya Mungu itawaondolea na kilichobaki. Wenye miaka mingi ya kusoma Biblia walijua mstari ule unavyotakiwa kueleweka, lakini sikio la kwanza la mtu ni la nyumbani kwake.

Nikataka kusahihisha. Mzee hakuningoja. Alifungua ule utepe wa mpira, akatafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Musikilize," akasema. "Paulo alilomba Mungu mara tatu atoshe ule mwiba. Mara tatu. Mungu hakuutosha. Alimwambia, neema yangu yakutosha."

Akanyamaza. Nimeufundisha mstari ule darasani sijui mara ngapi, na sijawahi kuusikia ukigonga hivyo: neno lile lile, ombi upande huu na jibu upande ule. Kwenye Kiswahili changu cha Muheza mchezo huo haupo kabisa.

Benchi la nyuma akasimama mchungaji wa nyanda za juu, upande wa Minembwe. Mwaka ule kule vijiji vilikuwa vikichomwa na ng'ombe kuporwa, na kila jamii ilikuwa na wafu wake wa kuhesabu. Alikuwa ameshika daftari la shule ambalo nusu ya kwanza ilikuwa hesabu za mtoto. Alisema, "Mimi nimelomba kupita mara tatu," akakaa.

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa na kurasa nne mkononi, nikazikunja. Yule mzee akatoka mbele, akapita katikati ya mabenchi taratibu, akaketi kando yake. Hawakuwa watu wa kabila moja, na mwaka ule jambo hilo lilikuwa na uzito ambao mgeni kama mimi nilikuwa nauona kwa juu juu tu, kwa namna watu walivyochagua benchi asubuhi. Mzee akamuuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Kisha akamuuliza majina yao. Yule bwana akaanza kuyataja moja moja, kwa lugha yake, na kwenye baadhi alisimama kidogo kueleza pembe au rangi. Sote tulisikiliza. Sikuelewa jina hata moja. Somo liliishia pale, chai ikachelewa, na kinamama waliopika walikuja kuchungulia mlangoni wakarudi bila kusema neno.

Siku ya nne ilikuwa ya vyeti, wao huviita breve. Nilikuwa nimechapisha 40 tu. Vitatu nikaviandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari, nikiomba radhi, na nusu saa baadaye nikasikia watu wawili wanawabembeleza waliopata vya mkono wabadilishane, kwa sababu vile viliandikwa na Pasta mwenyewe.

Tuliagana kwa ahadi ya mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata ukaja na korona, mipaka ikafungwa. Halafu katikati ya Aprili 2020 mvua kubwa ikanyesha Uvira usiku, mto Mulongwe ukavunja kingo na kupita katikati ya mji. Watu wengi walikufa. Nilimpigia mzee siku tatu bila kumpata. Siku ya nne akapokea, sauti yake iko mbali, nyuma yake watu wanagonga kitu cha bati.

Nikamuuliza nyumba. Maji yameingia, lakini imesimama. Nikamuuliza kanisa.

"Ukuta moja imebakia," akasema. "Tumetosha benchi mbili ku matope, tumezianika. Utakuya lini?"