Nilivyoijaza nyumba ya wageni Kigoma kwa kufuata kalenda ya theluji

Nyumba yangu ya wageni iko Kigoma, karibu na mwalo wa Kibirizi ambako boti za abiria huondoka kwenda Gombe, hifadhi ya sokwemtu. Kuanzia Julai hadi Septemba vyumba hujaa bila mimi kuhangaika, kwa kuwa kiangazi huwa kimekolea na sokwemtu hufikiwa kwa urahisi zaidi. Mwezi wa Mei, na tena kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba, nilikuwa nikifua mashuka ambayo hayakulaliwa. Vipindi hivyo viwili nilivijaza kwa kuifuatilia theluji, kitu ambacho hakianguki katika mkoa wetu na ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukigusa.

Nilianzia kwenye kitabu cha wageni. Nilipokipitia safu ya kazi, niliona kwamba wachache waliofika Mei kutoka nje walifanana kwa namna ya ajabu: mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, fundi wa lifti zinazowapandisha watelezaji mlimani, mpishi wa hoteli ya milimani, mkodishaji wa vifaa vya kuskii, yaani vya kutelezea huko. Nikaanza kuwauliza, na wakanieleza kwamba wao hufanya kazi bila kupumzika majira yote ya baridi, kisha kituo cha kuskii kinapofungwa huwa na fedha mkononi na wiki kadhaa za mapumziko. Shangazi yangu, anayenisaidia jikoni, aliposikia mazungumzo hayo aliniuliza, “Mwanangu, kwa hiyo watu hawa hulipwa mshahara kwa kuteleza?” Nilimjibu, “Ndiyo, shangazi, na wengine hulipwa kwa kuwaokota walioteleza vibaya.” Akasema basi tuwaongezee migebuka, samaki wa ziwa letu.

Jambo nililohitaji kulijua lilikuwa moja tu: kila eneo hufunga lini. Jibu la haraka ni kwamba kaskazini mwa dunia msimu huanza Desemba na kwisha Aprili, lakini jibu hilo halimsaidii mtu anayetaka kujua wiki ya kumwandikia mgeni. Tofauti ya kwanza huletwa na mwinuko. Mji wa Kitzbühel, Austria, uko kwenye mwinuko wa mita 760 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa kabisa na uso wa Ziwa Tanganyika, ulio kwenye mita 770 hivi. Sisi tuko karibu na Ikweta na tunakula maembe. Wao wako mbali nayo kiasi kwamba mwinuko huohuo huwapa theluji. Hata hivyo, mji wa chini namna hiyo hupoteza theluji yake mapema jua la Machi linapopata nguvu, hasa kwenye miteremko inayotazama kusini. Val Thorens, Ufaransa, kijiji chenyewe kimejengwa kwenye mita 2,300, na kwa kawaida hufungua mwishoni mwa Novemba na kufunga mwanzoni mwa Mei. Hintertux huko Austria na Zermatt huko Uswisi wana barafu ya milimani isiyoyeyuka yote wakati wa joto, na Zermatt lifti hufika mita 3,883. Sehemu hizo mbili watu huteleza hata Julai. Kwa hiyo mfanyakazi wa mji wa chini nilimweka kwenye orodha ya Aprili, wa Val Thorens kwenye Mei, na wa barafu ya kudumu sikumpangia mwezi wowote.

Wageni wenyewe hawakuwa wakinieleza sehemu iliyofuata mpaka niliposisitiza. Nilidhani, kama mtu yeyote angedhani, kwamba penye theluji nyingi ndipo penye msimu mrefu. Alta, katika jimbo la Utah nchini Marekani, hupata kwa wastani zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu, na bado kwa kawaida hufunga katika mwezi wa Aprili huku mlima ukiwa mweupe. Niseko huko Japani ina kilele cha mita 1,308 tu, lakini upepo baridi kutoka Siberia hupita juu ya Bahari ya Japani, ukachota unyevu, ukaumwaga hapo siku baada ya siku. Januari na Februari ndiyo miezi yake mikubwa, na kufikia Aprili wageni wamepungua sana ingawa theluji haijaisha. Sababu niliielewa mara moja kwa kuwa ni mwenye biashara: mteja akiondoka, lifti tupu inakula umeme na mishahara. Katika milima ya Alpi, huko Ulaya, Pasaka ndiyo hufunga hesabu ya vituo vingi, na Pasaka inahama. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 ikawa Aprili 20. Siku hizi, kabla ya kuangalia habari yoyote ya hali ya hewa ya Ulaya, naangalia kwanza kalenda ya kanisa iliyotundikwa pale mapokezi.

Kuna vituo vinavyokataa kanuni hizi. Riksgränsen, kaskazini kabisa mwa Uswidi, haifungui Desemba kama wengine, kwa kuwa huko jua halichomozi kwa wiki kadhaa za katikati ya majira ya baridi. Hufungua Februari na kuendelea hadi Mei, wakati ambapo watu huteleza hata usiku kukiwa na mwanga. Arapahoe Basin huko Colorado huanzia kwenye mwinuko wa mita 3,286 chini mlimani, hufungua mara nyingi Oktoba, na miaka mingine hufika Juni. Mammoth Mountain, California, baada ya baridi yenye theluji nyingi, mwaka 2023 ilifunga Agosti.

Kipindi cha Oktoba kilijazwa na watu wa kusini mwa dunia. Australia hufungua rasmi mwishoni mwa wiki ya siku ya kuzaliwa ya Mfalme, mwezi wa Juni, hata kama majani bado yanaonekana, na hufunga mwanzoni mwa Oktoba. Milima yake ni ya chini, kilele cha lifti za Thredbo hakizidi sana mita 2,000, kwa hiyo theluji yake ni ya kubahatisha na mashine za kutengeneza theluji hufanya kazi kubwa. New Zealand hufuata kalenda inayokaribiana na hiyo. Portillo huko Chile, iliyo kwenye mita 2,880, huanza Juni na kwa kawaida humaliza Septemba, na Lesotho, jirani zetu kuliko hao wote, wana kituo cha Afriski, juu ya mita 3,000, kuanzia Juni hadi Agosti. Wapo walimu wanaofanya misimu miwili kwa mwaka, Alpi kisha New Zealand, na hao nafasi zao za kupumzika ni Mei na Oktoba hasa, yaani ile miezi yangu miwili mitupu.

Baada ya kuipanga kalenda, niliwaandikia wageni wa zamani na kuwaomba waufikishe ujumbe wangu kwenye mabweni ya wafanyakazi, ambako watu huanza kuzungumzia safari mwezi mzima kabla ya kufunga. Watu wa Alpi nawaandikia mchana wa Machi na Aprili. Wakati huo theluji huganda usiku na kulainika kwa jua, ikawa uji kufikia saa nane, kwa hiyo masomo huisha mapema na mtu ana muda wa kusoma ujumbe. Kwa upande wa Novemba huwa sicheleweshi ujumbe wangu, kwa sababu vituo vya Alpi hupulizia theluji ya mashine mara usiku unaposhuka chini ya nyuzi sifuri na hewa ikiwa kavu, na wafanyakazi huitwa kabla ya theluji ya mbinguni. Nawaeleza pia ukweli: Mei njia za Gombe bado zina majani marefu na utelezi, na Novemba mvua imeshaanza. Hakuna hata mmoja aliyeahirisha kwa sababu ya utelezi.

Mei na Oktoba sasa vyumba vingi vina watu, ingawa bei yangu ni ya chini kuliko ya Agosti. Wanaonisumbua bado ni wale wa Arapahoe Basin na Mammoth, ambao hawawezi kunipa tarehe kwa kuwa mabosi wao wenyewe hutangaza siku ya kufunga kwa kutazama mlima. Hao nawawekea chumba bila malipo ya awali hadi Juni 15, na baada ya tarehe hiyo nakitoa kwa wageni wa kiangazi.