Kesho unaamkia kazi gani?

Saa 12 na nusu asubuhi matatu ilinipitisha steji yangu. Makanga aligonga bodi, akaita jina la steji mara mbili, nami nimeegemea dirisha nakoroma. Kosa langu mwenyewe. Vumbi la Kayole lilikuwa limenipigisha chafya usiku hadi macho yakavimba, nikameza Piriton moja ya miligramu 4, dawa ya mzio inayolaza, kabla ya kulala, mimi ninayeonya watu mchana kutwa. Karatasi ya dawa inasema umeze kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa hiyo wengi hudhani saa 6 zikipita dawa imeisha. Wapi! Kwa mtu mzima, karibu siku nzima inaweza kupita kabla hata nusu yake haijatoka mwilini. Nikarudi kwa miguu, kichwa kizito kama kimejazwa pamba.

Saa 2 nilifungua kemisti. Mimi ni mteknolojia wa dawa, lakini kaunta hii kila mtu huniita daktari na nimechoka kukataa.

Wa kwanza alikuwa kijana wa boda boda, helmeti kwapani, pua inachuruzika.

"Daktari, nipe Piriton za ishirini."

"Leo unabeba watu?"

"Si ndio kazi?"

Nikamwekea loratadini, dawa mpya zaidi ya mzio, ya miligramu 10, tembe moja kwa siku. Akaigeuza mkononi kama mtu aliyepewa noti bandia. "Hii haina nguvu. Nishawahi kuimeza, haikunishika hata kidogo."

Hapo ndipo shida ilipo. Watu hupima nguvu ya dawa ya mafua kwa jinsi inavyowaangusha. Histamini inayowasha pua ndiyo hiyo hiyo inayotuweka macho ikiwa ndani ya ubongo. Piriton, Phenergan na Benadryl ni dawa za zamani, hupenya hadi ubongoni na kuizima kote kuwili. Loratadini hupenya kidogo sana. Setirizini, mpya nyingine, iko katikati: wengi hawasikii kitu, wachache husinzia, na kwa mtu wa pikipiki Jogoo Road mimi hao wachache siwapendi. Alilipa akinung'unika.

Saa 4 akaja mama na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Mtoto anakohoa, hajalala siku mbili, wala mama hajalala. Akaniomba Phenergan ya maji, "ile ya kumlaza tu, daktari, hata kijiko nusu." Nilimwelewa, macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mtoto. Lakini prometazini, dawa yenyewe iliyomo ndani ya Phenergan, haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Inaweza kupunguza pumzi hadi ikakatika, akiwa amelala hivyo hivyo wewe ukidhani amepumzika. Nikamfunua mtoto kifua, nikahesabu pumzi dakika nzima, mbavu hazikuwa zikiingia ndani. Nikampa matone ya maji ya chumvi ya puani, nikamwambia asali kijiko kidogo usiku inaruhusiwa kwa kuwa ameshapita mwaka, na akianza kupumua kwa kasi aende hospitali bila kupitia kwangu. Aliondoka bila kuniaga. Mtoto alibaki na kibandiko cha kaunta yangu mkononi.

Mchana ulipita kwa dawa za minyoo na pedi.

Saa 8 msichana aliyevaa vizuri alisubiri duka libaki tupu, kisha akanong'ona: "Auntie, kuna ile ya kuongeza mwili?" Siproheptadini. Hii nayo ni ya ukoo wa Piriton, ya mzio, lakini huzuia pia serotonini, kemikali ya ubongo inayotuliza njaa, na hivyo kuiamsha. Madaktari wanaweza kuiandikia mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula. Yeye hakuwa mgonjwa. Alitaka nyonga kabla ya harusi ya dadake. Nikamwambia haichagui nyonga, unanenepa popote mwili unapotaka, unasinzia kazini, na ukiacha njaa inarudi ilikokuwa. Akafungua mkoba, akanionyesha nailoni ya vidonge visivyo na jina alivyouziwa na rafiki. Hapo nikaacha mzaha. Wapo wanaochanganya siproheptadini na deksamethasoni, na hiyo ni steroidi: hufura uso, hupandisha sukari, na ukiizoea siku nyingi usiikatize ghafla. Alikuwa amemeza siku tatu tu. Aliniachia nailoni yote. Sijui kama alikuwa na nyingine nyumbani.

Saa 10 binti alileta karatasi ya babake wa miaka 74: haidroksizini ya miligramu 25, kwa mwasho, mara tatu kwa siku. Nikamuuliza mzee ana nini kingine. "Mkojo unamsumbua, anaamka usiku mara tano." Haidroksizini nayo ni ya ukoo wa Piriton, na dawa hizi za kulaza hukausha: mdomo, choo, na kwa mzee aliyevimba tezi dume mkojo unaweza kuziba kabisa. Juu ya hayo humchanganya akili na kumwangusha akienda msalani gizani. Haidroksizini ina lake jingine, huvuruga mapigo ya moyo. Ulaya tangu 2015 mzee hapitishi miligramu 50 kwa siku. Huyu alikuwa ameandikiwa 75. Nikapigia kliniki. Daktari alikuwa mkali kwa nusu dakika, kisha akanyamaza, kisha akabadilisha.

Si kwamba nazichukia. Saa 12 jioni dada mmoja alikuwa anapanda basi la usiku kwenda Busia, na hutapika kuanzia Naivasha. Huyo nilimpa prometazini ya miligramu 25 bila kusita, ameze saa moja kabla ya safari, asiguse bia. Usingizi kwake ni nyongeza, basi haendeshi yeye. Kesho anaamkia kwa mamake.

Saa 2 usiku nikafunga mahesabu. Kopo la Piriton la tembe 1000, zile za manjano, limebaki chini ya robo. Nikaandika kwenye daftari: agiza jingine.