Alasiri Aliniuliza

Mavyaa wangu aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa Jumanne, tarehe 4 Mei 2004, baada ya sala ya alasiri, tuko chini ya dungu, kibanda cha juu cha kulindia mpunga, tunatwanga pepeta. Maulidi yalikuwa yamepita siku chache tu, mchele mchanga ulikuwa bado laini, na harufu yake ikikaangwa ilinifanya nisahau mengine yote.

"Mgongo vipi, mwanangu?"

"Hamna kitu, mama. Nimechoka kuinama tu."

Akanitazama kidogo, kisha akarudisha mchi kinuni.

Nilikuwa nimeongopa. Mgongo ulikuwa unanivuta tangu adhuhuri, unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka. Lakini mimi mtoto wa Mbagala nilikuwa nimekwisha kuchekwa vya kutosha kule shambani. Nilichekwa nilipozama kwenye tope mpaka magotini na kuacha kandambili humo. Nilichekwa nilipopiga yowe la kiboko, kumbe ni gogo. Kliniki waliniandikia kujifungua mwisho wa mwezi, na huo ulikuwa msimu wa kuamia ndege. Mpunga ukiachwa nusu siku bila mtu, kwelea hukuachia makapi. Sikutaka kuwa mke wa mjini aliyewang'oa watu shambani kwa maumivu ya mgongo.

Shamba lenyewe lilikuwa kaskazini mwa delta ya Rufiji, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Kibiti, mahali ambapo mikoko ilifyekwa zamani ikapandwa mpunga. Mwaka uliotangulia Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa, na ndugu zangu wa Mbagala wakafurahi wakidhani sasa nimekuwa karibu. Daraja linavusha watu wa barabara ya Kusini. Sisi tulikuwa kule mto unakogawanyika vijito vijito kabla ya kuingia baharini, na barabara yetu ilikuwa hori moja jembamba, linalojaa maji mara mbili kwa siku na kubaki tope mara mbili kwa siku. Mume wangu alikuwa dago, kambi ya wavuvi, akivua kamba. Tulikuwa wanawake watatu: mavyaa, wifi yangu wa miaka kumi na sita, na mimi na tumbo langu.

Nilipoolewa nilidhani mtu akitaka kwenda mahali, anakwenda. Mavyaa alinifundisha hesabu nyingine. Mwezi ukiandama, au ukifika kumi na nne, ni bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana. Kwetu siku hizo hujaa kwenye saa kumi, ya jioni na ya alfajiri, na hukauka kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Katikati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, hayaendi mbali na hayarudi sana, na hori letu kule mwisho linaweza kukaa siku kadhaa bila kunyanyua mtumbwi wenye watu. Tangu mwezi wa nne mavyaa alikuwa akihesabu kwa vidole. "Uchungu ukikukuta kwenye bamvua, tutafika kituoni," aliniambia. "Ukikukuta kwenye maji mafu, mtoto wangu, tutazalia hapa hapa, Mungu atusimamie." Kituoni walikuwa wameshasema: mimba ya kwanza asijifungulie mtu nyumbani, aje na glovu zake, wembe, pamba, uzi na mpira wa kutandika. Vyote vilikuwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, imening'inizwa kwenye boriti ya dungu panya wasiifikie.

Basi siku ile ilikuwa bamvua. Mwezi kumi na nne. Alasiri aliponiuliza, hori lilikuwa limejaa pomoni, mtumbwi unacheza kwenye kamba yake hatua chache kutoka tulipokaa. Ningesema kweli, kabla ya magharibi tungekuwa kituoni.

Nilikaza mpaka isha. Wakati wa kupanda kulala nilishika nguzo ya ngazi na sikuweza kuiachia. Nadhani nilikaa hivyo kitambo, kwa sababu wifi yangu alikuwa ameshafika juu, akashuka tena, akanimulika usoni na tochi yake ya betri za kufa. "Mama," akaita, "njoo umwone mkeo." Kwetu mama wa mume naye hukuita mke wake, kwa utani.

Mavyaa alikuja, akanishika kiuno akasubiri. Maumivu yalipokuja na kupita mkononi mwake, akauachia mgongo wangu. Akatazama mwezi ulipofika juu ya mikoko, akageuka kutazama hori. Maji yalikuwa yakikimbilia baharini. Kingo za tope zilikuwa zimeanza kung'aa.

"Alasiri nilikuuliza," akasema.

Hilo tu. Hakulirudia usiku ule, wala hakulirudia mpaka anaingia kaburini.

Nilidhani tutangojea pale dunguni, kwenye moto. Yeye akasema hapana, nikizidiwa hawataweza kunibeba kwenye tope, wao wawili. "Tukakae kwenye mtumbwi. Maji yakija yatukute tumo." Tukashuka. Ilikuwa hatua kama mia mbili, kwa sababu walikwenda kuusukuma mtumbwi kwanza mpaka kule hori linakopanuka kidogo, ili tuwe wa mbele kupata maji. Walinishika huku na huku. Kaa walikuwa wakikimbia mbele yetu. Mara mbili tulisimama, mara mbili niliomba waniache niketi, mara mbili mavyaa alisema, "Ketia mguu wako, mwanangu, siyo tope."

Kwa hiyo saa tatu na ushei usiku nilikuwa nimelala ndani ya mtumbwi uliokaa juu ya tope kavu kabisa, kichwa kwenye mapaja ya wifi yangu, ndoo ya glovu miguuni, chandarua kimetandazwa juu yetu kama wavu. Na mavyaa, miguu yake ikining'inia nje, akatoa ukindu kwenye kikapu akaanza kusuka ukili wa mkeka.

Nilimchukia. Nalisema hili kwa sababu miaka mingi nimelipamba, nikisema alinipa moyo. Ukweli ni kwamba kila maumivu yalipokuja nilimsikia akivuta ukindu, swa, swa, na nikatamani kuunyakua ukili ule niutupe. Mtu anakufa hapa, yeye anasuka. Akawa anazungumza na binti yake mambo ya bei: mikeka kule barabarani Ikwiriri wachuuzi wanainunua kwa hasara ya msukaji, rangi ya zambarau imepanda, fulani alikopa nazi hajalipa. Nikiguna, anakatiza. Anahesabu kwa sauti ya chini, kisha anaendelea na fulani na nazi zake. Baadaye sana, nilipozaa wa pili, ndipo nilipotambua alikuwa akihesabu pingili za ukili kati ya uchungu mmoja na mwingine. Hatukuwa na saa.

Kisha mwanga ukaanza kupungua.

Walio na umri wataukumbuka usiku ule. Mwezi ulipatwa, ukapatwa wote. Ulianza kumegwa upande kabla ya saa nne, na kufika saa tano ulikuwa umeiva mwekundu kama chungu kilichotoka motoni. Sikuuona vizuri. Mavyaa alinifunika uso na kanga yake haraka. Mjamzito haangalii, alisema, na hakutaka mjadala. Nilibaki chini ya kanga nikinusa moshi na jasho lake, nikisikia wifi yangu akisoma alichojua. Kutoka madungu ya mbali kulikuwa na watu wanapiga madebe. Mpaka leo sijui walikuwa wanafukuza nguruwe kwenye mpunga au walikuwa wanaugombea mwezi.

Swa, swa. Gizani. Hakusimama.

Nilimuuliza chini ya kanga, "Mama, unaona unachosuka?"

"Nauona kwa vidole. Lala."

Hori lilikuwa kimya kabisa. Bamvua linapotoka lote, hata mbu unawasikia mmoja mmoja. Mwezi uliporudi, ulirudi taratibu kwa ukingo mwembamba, na kabla haujawa mzima nikasikia kitu kama mtu anayekunywa uji wa moto. Ni maji. Yalikuja kama mchirizi tu, yakanyonya tope, yakazunguka mtumbwi. Wifi yangu akaweka kidole akayaonja, akasema ya chumvi, yanapanda. Ikapita nusu saa nyingine, naambiwa, kwangu ilikuwa mwaka. Kisha mtumbwi ukatikisika upande mmoja. Mavyaa akafunga ukili, akausokota, akauweka kikapuni, akachukua kafi. "Bismillahi."

Mpaka mtoni tulikwenda kinyume cha maji, wifi yangu mbele akisukuma pondo kwa mwili wote, binti yule mwembamba, na mavyaa nyuma. Tulipotokea mto mkubwa maji yakatubeba. Ya njiani sina mengi. Nilikwisha kuacha kuwa mtu wa kuangalia mambo. Nakumbuka nyota nyingi, na mavyaa akinifokea kwa mara ya kwanza na ya mwisho: "Usisukume! Bado! Usisukume kwenye mto wangu!"

Tulifika dikoni maji yamejaa. Wachuuzi wa samaki walikuwa wameshaanza kuja na karai zao. Wawili waliziacha wakaninyanyua. Nesi wa zamu alikuwa kijana, mtu wa bara, hana muda mrefu pale. Alituona tumetapakaa tope mpaka kwenye nywele, akanilaza, akanipima, akashika kadi na kalamu.

"Maji yalitoka saa ngapi?"

Mavyaa akajibu upesi, hesabu alikuwa nayo. "Yalianza kutoka alasiri, baada ya saa kumi."

Nesi akaandika. Uso wake ukabadilika. "Tangu jana alasiri! Yakatoka yote?"

"Yote. Mpaka saa nne hayakubaki hata tone."

"Na nyinyi mmekaa tu?"

"Tukangoja yarudi."

"Yarudi?"

"Yalirudi kwenye saa saba. Ndiyo tukaja."

Nesi akaweka kalamu chini. Mmoja wa wale wachuuzi, aliyekuwa bado amenishika mkono, akaangua kicheko hadi akaniachia. "Sista," akasema, "huyo anakuambia maji ya bahari." Nami nilicheka, wallahi, nikicheka na kulia kwa pamoja, na katikati ya kicheko hicho chupa yangu ikapasuka kweli, ikamlowesha nesi viatu. Kabla jua halijatoka binti yangu alikuwa amezaliwa.

Ningependa iishie hapo, maana kila ninapoisimulia harusini au msibani huwa naiishia hapo, watu wanacheka, basi.

Lakini nesi hakuwa amecheka. Alikuwa ameogopa, sasa naelewa. Mimba ya kwanza, nimeletwa dakika za mwisho, angeulizwa yeye. Baada ya kunishona alimgeukia mavyaa mbele ya watu wote akamsema. Kwamba wabibi wa huko visiwani wanawang'ang'ania wajawazito nyumbani makusudi mpaka mambo yaharibike. Kwamba binti amekaa na uchungu tangu mchana na yeye mtu mzima anaona. Kwamba siku nyingine atampeleka serikalini. Mavyaa alikuwa amesimama karibu na mlango, tope likimkaukia miguuni, mtoto amemfunga kwenye kanga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tumekosa, mwanangu," akamwambia nesi. "Utusamehe."

Mimi nilikuwa macho. Nilikuwa na sauti. Dakika chache kabla nilikuwa nimeomba chai. Nikageuza uso ukutani.

Siku ya tatu tulirudi kwa maji ya asubuhi. Wifi yangu alikuwa na pondo, anaimba. Mavyaa alikaa karibu nami amempakata mjukuu wake, na kwa sababu alipenda vitu vyenye maandishi ingawa hakusoma, aliomba kadi. Akaishika karibu na macho, akaigeuza. Nesi alikuwa amekata kwa mistari miwili zile saa za maji, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari: AMECHELEWESHWA NYUMBANI NA FAMILIA.

Mkeka uliotokana na ukili ule ninao hadi leo, wa zambarau na kijani, umechakaa katikati. Mara nyingi nimekaa nikautafuta upande uliosukwa gizani. Siuoni.

"Hapa pamepigiwa mstari," mavyaa akasema, kidole chake juu ya maandishi. "Pamesemaje?"

"Uzito wa mtoto, mama," nikamwambia. "Kilo tatu kasoro kidogo."

"Loo! Kumbe mzito." Akacheka, akambusu mtoto kwenye paji, akanirudishia kadi.